Rangi ya Bwaki

Siku ya pili ya mwaka 2025, pale uani kwetu Ndosho, mama mkubwa wangu, ambaye macho yake yamepungua nuru kwa uzee lakini hayajapungua kumbukumbu, alinitazama kichwani akanyamaza muda mrefu, kama mgeni aliyeona katika nyumba ya watu jambo ambalo adabu inamkataza kulitaja, na mwisho akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko karipio: "Mutoto wangu, nani amekunyima chakula?"

Nilikuwa nimetoka saluni siku chache nyuma. Bonane ilikuwa mlangoni, na katika mji wa Goma mwanamke wa makamo anayeingia mwaka mpya na kichwa cha mwaka wa zamani huhesabiwa kuwa amejikatia tamaa. Nami, baada ya miaka mitano ya kuzipaka nywele zangu weusi wa dukani ili kuficha mvi, nilishawishika, kwa ghururi yangu mwenyewe wala si kwa shinikizo la mtu, kwamba mvi hazishindwi kwa kufukiwa bali kwa kutanguliwa, yaani kukifanya kichwa kizima kuwa chepesi cha rangi hata mvi zipotee ndani yake kama tone la maziwa katika chai. Msusi aliiita rangi ile asali. Kioo nacho kiliikubali. Jioni ile nilitembea kutoka barabara ya Sake hadi nyumbani polepole zaidi ya ilivyo ada yangu, ili nionekane.

Lakini swali la mama mkubwa halikuwa dhihaka, na hapo ndipo uchungu wake ulipokuwa. Alizaliwa Kabare, katika nchi ya Bushi, kusini-magharibi mwa Ziwa Kivu, na sehemu kubwa ya ujana wake ilipita akikoroga uji wa watoto wagonjwa wa bwaki. Bwaki ndilo jina la wenyeji wa huko kwa maradhi ambayo daktari Cicely Williams aliyaeleza mwaka 1933 kutokana na watoto aliowatibu Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, na ambayo tangu mwaka 1935 yanajulikana ulimwenguni kwa jina alilolichukua katika lugha ya Waga wa Accra, kwashiorkor. Na kwetu Kivu yalikuwa mengi hata taasisi ya uchunguzi ya IRSAC, iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1947 na kuwa na kituo chake Lwiro, ikayaingiza katika kazi yake. Ni maradhi ya mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kuwa mdogo wake amekuja, akaachiwa ugali wa muhogo usio na kitoweo: tumbo hushiba, mwili hukosa. Miguu huvimba, uso hufura ukawa kama mwezi, kicheko huondoka, ngozi hubambuka, na nywele, zilizokuwa nyeusi zenye msokoto, hulegea, hukauka, hugeuka wekundu hafifu kama ndevu za mahindi, na ukizishika zinakufuata mkononi wala mtoto halii.

Mtu aliyeisoma rangi hiyo katika vichwa vya watoto wa wenzake hawezi kuiona asali. Nilimcheka kidogo, kama tunavyowacheka wazee wetu tunapotaka kujifanya hatukuwasikia, nikaingia ndani. Kesho yake asubuhi, nilipopitisha kitana, nywele zikanifuata mkononi, wala sikulia.

Napenda kwanza kueleza ni kitu gani kilichonipata, kwa sababu aghalabu tunapakwa dawa tusizozijua na kushukuru kwa risiti. Unywele ni kiumbe cha ajabu: uhai wake wote umo chini ya ngozi, katika shina lake, na kila sehemu yake tunayoiona, tunayoisuka na kuifunga kitambaa, imekwisha kufa kabla haijatoka nje. Maiti hiyo imeundwa kwa keratini, ambayo ni aina ya protini, na imevishwa magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa, huku juu ya magamba kukiwa na utando mwembamba wa mafuta unaoyafukuza maji. Nywele hupenda uchachu. Katika kile kipimo cha wanakemia kiendacho kutoka 0 hadi 14, ambapo 7 ndiyo wastani, uso wa unywele uko chini ya 4. Rangi ya kudumu haiwezi kuingia mahali palipofungwa, basi hutanguliza amonia, ambayo ni ukali wa upande wa pili, upande wa magadi, kuyainua magamba. Kisha maji ya oksijeni huingia na kuuteketeza weusi wa asili uliomo ndani. Msusi wangu alitumia yale ya volumu 40, ambayo ni maji yenye dawa hiyo 12 katika 100, ilhali 6 katika 100 ingaliwahitaji watu wenye subira, na mimi sikuwa mmoja wao. Mlango ulifunguliwa, mwenye nyumba akafukuzwa, utando wa mafuta ukaondoka na yeye. Na paa ambalo vigae vyake vimesimama halizuii mvua kuingia wala unyevu kutoka. Ndiyo maana nywele zilizochubuliwa rangi hunywa maji kwa pupa zinapooshwa, na saa moja baadaye zikawa kavu kama magamba ya mgomba mwezi wa saba.

Elimu hii ya rangi ina hikaya moja ambayo mtu wa Kivu hawezi kuipita bila kutabasamu. Mwaka 1856, mjini London, kijana wa miaka 18 aitwaye William Henry Perkin alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini kutokana na masalio ya lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata, akapata tope ambalo, lilipooshwa, lilitoa rangi ya zambarau, na kutokana na tope hilo ikazaliwa kazi nzima ya rangi za viwandani, zikiwamo zile ambazo Eugène Schueller alianza kuwauzia wasusi wa Paris mwaka 1907 kabla ya kuanzisha kampuni iitwayo leo L'Oréal. Kwinini yenyewe imekuwa ikitoka kwenye magome ya miti inayolimwa katika vilima vyetu tangu enzi za Wabelgiji. Yeye alitafuta dawa tuliyo nayo akapata rangi. Nasi tukaitafuta rangi yake.

Nilifanya basi kama wafanyavyo wote: nilianza kutafuta tiba. Sijui kama kuna maradhi yenye waganga wengi kuliko nywele. Mwenzangu kazini alinitajia mayai mabichi na parachichi, mwingine asali, mwingine mafuta ya nyonyo, jirani akasema nikate, mtoto wa jirani akasema nivae meshi, zile nywele za bandia, nisahau. Na kila chupa niliyoishika dukani iliandikwa kwa Kifaransa kwamba inarejesha, inahuisha, inafufua. Maneno haya matatu niliyaamini kwa zamu. Ilinichukua muda kutambua kwamba chupa ile, kwa kuahidi kukifufua kitu kilichokwisha kufa tangu kilipotoka ngozini, ilikuwa ikidai daraja ambalo hata manabii walipewa kwa nadra.

Hata hivyo yako mambo ambayo maiti ya unywele huyapokea, na ni haki kuyataja. Mafuta si yote sawa. Mengi hukaa nje yakang'aa tu, lakini ya nazi huingia ndani ya unywele, kwa sababu chembe za aina ya mafuta iliyo nyingi ndani yake ni ndogo na nyoofu, na yakipakwa kabla ya kuosha hupunguza protini inayochukuliwa na maji. Nazi kwetu ni mgeni wa mbali. Hata hivyo mafuta ya kiini cha chikichi, ambayo si mawese mekundu ya kupikia bali yale yatokayo katika kokwa yake, yana tabia iliyo karibu sana na ya nazi, na hayo Kongo haikosi. Vilainishi vya kupaka baada ya sabuni navyo hufanya kazi ya kweli, si kwa kuponya, bali kwa kuwa ni vichachu kidogo na hulaza tena vigae vilivyosimama. Chuma cha moto ni adui. Kitambaa laini cha kulalia ni rafiki. Na ndugu zetu wa pwani, pamoja na Waislamu wa mjini hapa, wana hina, ambayo hushikamana na keratini bila kuhitaji amonia wala maji ya oksijeni, mradi iwe hina ya majani na si ile nyeusi ya upesi ambayo mara nyingi ni rangi ya nywele ya dukani iliyobadilishwa jina, na ambayo imewaachia maharusi wengi malengelenge mikononi.

Lakini kila shauri nililopewa, la bei ghali na la bure, lilikwisha kwa maneno yale yale: kisha osha kwa maji mengi. Aliyeyaandika hakuijua Ndosho. Mtaa wetu umekaa juu ya jiwe jeusi la moto uliopoa. Mvua hunyesha kwa wingi, ikinyesha huzama katika nyufa za jiwe hilo, na katika mji mzima hakuna kijito kinachopita. Maji ya mabomba huvutwa kutoka Ziwa Kivu, na yasipokuja, jambo ambalo ni ada zaidi ya yanapokuja, huletwa katika bidoni za manjano za lita 20, mgongoni mwa msichana au juu ya chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, na kila bidoni ina bei yake. Kuosha kichwa mara tatu kwa juma ni kuosha kwa maji ya kupikia.

Halafu kuna jambo la maji yenyewe, ambalo nililifahamu kwa kuchelewa na ambalo tangu hapo halinitoki akilini. Maji ya juu ya Ziwa Kivu ni ya magadi; katika kile kipimo nilichokitaja yamo kwenye 9 hivi, nayo yamejaa madini ya magnesi, ndiyo maana sabuni hutoa povu ndani yake kwa shida. Tisa hiyo haiko mbali na pale dawa ya rangi inapoanzia kazi yake ya kuinua magamba. Sitii chumvi: ziwa halichubui kichwa, maana halina maji ya oksijeni, na watu wa kisiwa cha Idjwi wameoga humo vizazi na vizazi nywele zao zikiwa nyeusi. Ila kichwa ambacho tayari kimefunguliwa mlango, kila kikioshwa kwa maji yale, hufunguliwa tena kidogo. Nilikuwa nikiosha dhara kwa mwanafunzi wake.

Mvua, kwa upande mwingine, ni chachu. Kati ya mwaka 2002 na mwaka 2021, volkano ya Nyiragongo ilipokuwa na ziwa la moto wazi kileleni, moshi wake uliichachua mvua ya vijiji vya jirani kupita kiasi, ukaitia na floridi inayoharibu meno. Lakini mvua ya kawaida, ambayo ni chachu kidogo tu na haina madini ya kugandamana, ni laini kwa nywele kuliko maji yoyote ya mji huu. Mama mkubwa alikuwa akiitega beseni chini ya bati kila mawingu yalipojikusanya upande wa mlima, akisema maji ya ziwa "yanakaza kichwa", nami nilidhani ni mambo ya ushamba. Hivyo ndivyo nilivyojikuta, mtu mzima mwenye cheti cha ualimu ukutani, nikisimama uani usiku chini ya mfereji wa bati na mafuta ya chikichi kichwani, nikiomba Mungu radi isije kabla ya mvua.

Mwishoni mwa Januari mwaka ule vita viliingia mjini. Sitaki kuvisimulia hapa, maana vina wasimulizi wake na wengi wao wamelala. Umeme ulikatika, mabomba yakakauka, watu wakashuka ziwani na bidoni zao kuteka maji mabichi ya kunywa. Na katika hospitali ya CBCA ya mtaani kwetu, ambako wapasuaji wa Msalaba Mwekundu wamekuwa wakiwatibu majeruhi wa vita kwa miaka, majeruhi walizidi vitanda. Tulikaa ndani tumelala sakafuni mbali na madirisha, tukila maharagwe, halafu nusu ya maharagwe, halafu unga. Katika siku zile nilijishika kichwa mara moja, nikaona haya kwa kukumbuka kwamba nilikuwa nimehuzunikia nywele, kisha nikaona haya ya pili, kwa sababu nilikuwa ningali nikizihuzunikia. Sikujua kwamba moyo una nafasi ya vyote viwili. Nilizifunga kitambaa, na kwa majuma kadhaa sikuzitazama.

Nilipokifungua kitambaa, Machi ikiwa katikati, nilikuta kitu ambacho hakuna chupa iliyoniahidi. Chini kabisa, kwenye ngozi, kulikuwa na weusi: si weusi wa dukani, bali wangu, wenye mvi zake humo humo, wa kimo cha ukucha wa kidole gumba hivi na zaidi kidogo, ulio laini kwa kuguswa na wenye msokoto. Nywele zetu hukua chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi, haraka wala ajizi hazina, vita viwepo visiwepo. Juu ya weusi ule ilisimama asali yote, kavu, iliyokatikakatika, haikujali hatua yoyote ya mayai na parachichi.

Mama mkubwa aliniketisha kwenye kigoda mbele yake, akanigawa nywele kwa mkia wa kitana, akaanza kunieleza habari za watoto wa bwaki ambazo hakuwahi kunieleza. Mtoto akianza kulishwa ipasavyo, alisema, maziwa, maharagwe, sambaza, yai likipatikana, zile nywele nyekundu hazigeuki kuwa nyeusi hata ukimlisha mwaka. Hubaki nyekundu mpaka zinapokatwa. Weusi hutokea chini, kwenye ngozi. Na kama mama yake akimrudisha nyumbani mapema, njaa ikamrejea, wekundu nao hurudi chini ya weusi, halafu akirudishwa kituoni weusi tena, hata unywele mmoja ukawa na mistari mistari. Waganga huiita hali hiyo alama ya bendera. Wao, wakoroga uji, hawakuwa na jina lake, lakini waliisoma: walimshika mtoto aliyeletwa, wakapima kwa kidole, wakajua ni mwezi gani shamba lilikosa, ni mwezi gani baba alikuja na mshahara.

Nikamwambia, kwa kuwa nilitaka kujitetea, kwamba watu wamenishauri nipake yai kichwani.

"Yai liko franka ngapi sasa?" akauliza.

Nikamtajia bei. Vita vilikuwa vimeipandisha.

"Kula," akasema. "Litafika huko."

Nami nakiri kwamba katika elimu yote niliyoikusanya kuhusu kichwa hiki, hilo ndilo shauri lililosimama imara kuliko mengine, kwa maana protini ya yai lililopakwa ni kubwa mno, haiwezi kuingia ndani ya unywele mfu, ila lililoliwa lina njia yake, ndefu na ya uhakika, mpaka shinani. Nililila, na tangu siku hiyo sambaza, samaki mdogo huyu aliyeletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambaye vijana wetu humwona chakula cha wasionacho, amekuwa akija mezani kwangu kwa heshima mpya. Mafuta ya chikichi sikuyaacha, wala mvua ya beseni, wala kitambaa cha kulalia. Ila niliacha kuyadai yafanye yasiyo kazi yake. Kazi yake ni kuzisitiri nywele nyekundu zisikatike vibaya kabla nyeusi hazijafika kimo cha kujitegemea, kama tunavyomsitiri mzee mgonjwa, si kwa kutumaini kwamba atakimbia tena.

Septemba nilikwenda kukata. Sikurudi saluni ile ya kwanza, nilimwita msusi wa jirani, binti mwenye mikono myepesi anayesukia watu barazani kwa mama yake, juu ya changarawe nyeusi ya Ndosho iliyomwagwa kuzuia tope. Mama mkubwa alitoka na kigoda chake bila kuitwa. Akazishika nywele zangu, akaweka kidole gumba pale weusi ulipokutana na wekundu, akasema, "Hapa bonane." Akashuka kidogo kuelekea ngozini, upana wa kidole, akatulia. Mahali pale unywele ulikuwa mweusi lakini mwembamba kuliko juu na chini yake. Mimi nilikuwa sijapaona. Hakusema neno, na binti wa mkasi naye, aliyekuwa Ndosho siku zile, hakuuliza.

"Nikate wapi, mama?" akaniuliza mimi.

Mama mkubwa alionyesha kwa ukucha: hapo kwenye bonane, wekundu wote uondoke. Nilikitazama kioo cha mkononi. Nilimwambia binti aniachie vidole viwili vya asali.